Nyangumi wa Kumi

Kazini wananiita Mama Futi, na si kwa sababu mimi ni mrefu. Ni kwa ajili ya futi kamba ya mita hamsini ninayoitundika begani kama wenzangu wanavyotundika mikoba. Nyangumi akifa akatupwa ufukweni, mimi ndiye ninayeitwa. Nampima kuanzia ncha ya mdomo hadi katikati ya mkia, nampiga picha kila upande, nampa namba, namwandika kwenye rejesta. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Mwaka wa kawaida hupita na nyangumi mmoja, wawili ukizidi sana. Mwaka huu niliandika tisa ndani ya siku hamsini na tano, na mtu mzima mwenye akili zake timamu, tena bosi wangu, akaniambia wote niwaandikie "sababu haijulikani". Haijulikani kwa nani, jamani?

Kituo chetu kina vyumba vitatu tu. Kimoja ni cha Mkuu wa kituo, chenye kiyoyozi na zulia. Cha pili ni masjala, faili zimepangwa hadi darini. Cha tatu ni chetu mimi na Daktari: friji mbili, meza ya zege, ndoo, visu, na harufu ambayo mke wa Daktari anasema imelala kitandani kwake mara nyingi kuliko mumewe. Daktari alisomea mifugo. Akiulizwa alifikaje kwa nyangumi, anajibu kwamba nyangumi ni ng'ombe aliyeshinda mtihani wa kuogelea. Utani wake ndio huo huo mmoja, na kwa miaka kumi na tisa nimeucheka kwa heshima.

Lakini mwaka huu hata yeye utani ulimwishia. Aliwafungua masikio nyangumi watano ambao hawakuwa wameoza sana, na kwa kila mmoja alikuta damu imeganda ndani kabisa, mahali ambapo jiwe halifiki wala rafadha ya meli haifiki. Wakati huo huo, mbele ya ufuko wetu, kulikuwa na meli ya kutafuta gesi. Ilikuwa inaburuta mizinga ya hewa inayopiga mshindo chini ya maji kila baada ya sekunde kumi, mchana kutwa na usiku kucha. Mimi sikusema meli ndiyo iliyoua. Sijasema hivyo hadi leo. Nilichosema ni kwamba ukiona wagonjwa tisa wenye damu masikioni na jirani anayepiga ngoma, kwanza unamwambia jirani anyamaze, halafu unachunguza.

Na kanuni ilisema hivyo hivyo. Nyangumi kumi wakifa ndani ya siku sitini, vifo vinahesabiwa kuwa si vya kawaida, na shughuli yoyote ya kelele baharini inasimama siku hiyo hiyo mpaka uchunguzi umalizike. Hakuna kuomba, hakuna kujadiliana. Wakiwa tisa, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Sasa, mdogo wangu wa kiume alikuwa fundi umeme kwenye meli hiyo.

Cheka, ukitaka. Mimi nilikuwa sicheki. Alikaa miaka mitatu bila kazi, akitengeneza redio za watu kibarazani kwangu, yeye na mkewe wakilala kwenye chumba changu cha uani. Meli ilipomchukua, nilipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna harusi. Alikuwa anakaa wiki mbili baharini, wiki mbili nyumbani, na kila akirudi alikuwa amenenepa kidogo na anatembea kifua mbele. Kwa hiyo namba zangu zilipoanza kupanda, nyumba yetu ilianza kupungukiwa na maneno.

Nyangumi wa kumi alitupwa Jumanne, siku ya hamsini na saba, kwenye ufuko wa nyuma ya kiwanda cha barafu. Nilimpima. Nilikuwa na furaha, nitasema ukweli, na nikajichukia kwa furaha ile, kwa maana mnyama mwenyewe alikuwa na urefu wa mita tano na nusu na alikuwa hajafanya kosa lolote kwa mtu. Nilimkata mkato wake, nikamwandika: kumi.

Mkato ni desturi yetu pale kituoni. Nyangumi tukishampima tunamkata ukingo wa mkia, upana wa viganja viwili. Maji yakimchukua tena na kumtupa ufuko mwingine, mkato unatuambia kwamba huyu tumeshamhesabu. Ni kazi ya dakika mbili, na kisu lazima kiwe kikali.

Jioni ile tulikuwa jikoni tunamenya viazi, mimi na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, na mdogo wangu mwenyewe amesimama mlangoni.

"Dada, nasikia wamefika kumi."

"Wamefika."

"Ina maana meli itasimama."

"Kanuni inasema hivyo. Mimi ni mpimaji tu."

"Wewe si mpimaji tu!" Akapiga fremu ya mlango kwa kiganja. "Umekuwa ukiwasubiri hao nyangumi kama mtu anayesubiri wageni. Kila mmoja akija unaona raha. Mimi je? Meli ikisimama, wa kwanza kushushwa ni sisi wa hapa. Unanitia mchanga kwenye kitumbua changu, dada, na unajua fika."

"Mdogo wangu, kwani mimi ndiye ninayewaua?"

"Sijasema hivyo."

"Basi mwambie anayewaua aache, mimi nitaacha kuhesabu."

Wifi aliendelea kumenya viazi. Ni mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo hakutumia hata moja. Mdogo wangu alitoka nje, akakaa kwenye tofali karibu na bomba, simu mkononi, akitazama kioo bila kubonyeza kitu. Nilimwona kupitia dirishani. Nikadhani ni hasira.

Kesho yake Mkuu aliniita. Mkuu si mtu mbaya, na hapo ndipo panaponiudhi zaidi. Ni mtu anayependa siku iishe bila simu kutoka juu. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniita mzazi mwenzake. Ukiona bosi amekuita mzazi mwenzake, shika begi lako vizuri.

"Mama Futi, hao kumi una uhakika nao?"

"Nina picha, nina vipimo, nina sampuli."

"Kesho saa nne asubuhi kampuni inaleta mtu wao. Pitia kila kitu. Sitaki aibu."

Mtu wa kampuni tulikuwa tunamjua. Mimi na Daktari tulimpachika jina Bwana Pasi, kwa jinsi mashati yake yalivyonyooshwa hata ungeweza kujikata na mkunjo wa mkono. Nikasema moyoni, na aje. Nikafunga mlango wa chumba chetu, nikatandaza picha zote kwenye meza ya zege, kuanzia namba moja, nikianza kujisifu kimoyomoyo. Nilipofika namba saba, mkono ulisimama.

Namba saba alikuwa ndama. Nilimpima ameoza, amevimba, ngozi imebanduka, kwenye ufuko wa kaskazini. Kwenye picha, taya lake la chini lilikuwa na nundu upande wa kushoto, mfupa uliowahi kuvunjika ukajiunga vibaya. Nilirudi nyuma hadi namba nne. Namba nne naye alikuwa ndama. Taya la chini, upande wa kushoto, nundu.

Nilikaa chini kwenye ndoo.

Nilimkumbuka vizuri mno yule ndama. Namba tatu na namba nne walitupwa pamoja, mama na mtoto wake. Mama alikuwa keshakufa. Mtoto alikuwa bado anapumua, pumzi moja kisha kimya kirefu, kisha nyingine, na jicho lake liko wazi. Daktari alimgusa, akatikisa kichwa. Nilimpima pale pale kwa sababu maji yalikuwa yanajaa. Nilipofika kwenye mkato, kisu nilikuwa nacho mkononi, na mkono ukakataa. Nitamkataje mtu anayenitazama? Ndivyo nilivyosema, "mtu", na Daktari hakunirekebisha. Nikamwambia huyu nitamkata kesho akishapumzika. Kesho yake maji yalikuwa yameshamchukua. Siku nane baadaye alitupwa kilomita kumi na nne kaskazini, na kwa kuwa hakuwa na mkato, na kwa kuvimba urefu wake ulikuwa umezidi kidogo, nilimwandika kama mgeni. Nilimpa namba mpya. Mtoto mmoja, nikamhesabu mara mbili, kwa sababu nilimwonea huruma.

Daktari aliingia akanikuta bado nimekaa kwenye ndoo. Nikamwonyesha. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe."

"Basi hakuna aliyeona." Akaziweka picha mbili zile chini ya nyingine. "Mama Futi, nisikilize. Wao wanafuta ukweli kila siku asubuhi kabla ya chai. Sisi tufiche nundu moja. Wengine wote ni wa kweli. Damu masikioni ni ya kweli."

"Na wakiiona wao hiyo nundu?"

"Hawatazami picha hao. Wanatazama jumla."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikaribia kukubali. Nusu saa nzima nilikubali. Nilizirudisha picha kwenye bahasha, nikafunga, nikanawa mikono, nikaondoka. Lakini njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nabishana na mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nimewatukana wale watu miezi miwili kwamba wanaandika uongo. Sasa niwe na wangu mmoja, mdogo, nimeufungia kwenye bahasha? Siku utakapotoka, wataushika kama nyundo na kuwapondea wale tisa wote, na sitakuwa na mdomo wa kuwatetea. Halafu, tuache hesabu zote hizo: rejesta ile ni yangu. Mwandiko ni wangu. Siwezi kuishi nayo ikiwa inanicheka.

Nyumbani nilimwambia mdogo wangu. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu anikaripie.

Hakunikaripia. Alicheka, akakaa kitini kwa kishindo, akafuta uso kwa viganja viwili. "Ni tisa! Kumbe ni tisa! Dada, sema ukweli kesho. Wewe ni mtu wa ukweli siku zote. Sema tu."

"Unanishauri ukweli kwa kuwa umekufaa wewe."

Alikuwa anataka kujibu, nikaona kabisa jibu liko mdomoni, halafu akalimeza. Uso wake ulibadilika. Wifi alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. Aliinua macho, akamtazama mumewe muda mrefu, akarudi kwenye nguo zake. Nami nilikuwa na mzigo wangu, sikuuliza.

Alhamisi saa nne tulikaa chumbani kwa Mkuu, Mkuu, Bwana Pasi, Daktari na mimi. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Bwana Pasi alifungua jalada lake, akakohoa kidogo. Nilijua akishaanza sitapata nafasi, nikasimama.

"Kabla hujaanza, bwana. Rejesta ina kosa, na kosa ni langu."

Nikaziweka zile picha mbili mezani, upande kwa upande. Nikaeleza yote: mama, mtoto, pumzi, kisu, mkono uliokataa. Sikuinamisha kichwa. Kama nilikuwa naaibika, niliaibika nikiwa nimesimama wima. Nikachukua kalamu, nikafungua rejesta mbele yao, nikapiga mstari juu ya namba saba, nikaandika pembeni "ni yule yule namba nne", nikasaini na tarehe.

"Kwa hiyo ni tisa," alisema Bwana Pasi, na tabasamu likamtoka kabla hajalizuia.

"Ni tisa. Na umeniona kwa macho yako nikimfuta asiyestahili. Kwa hiyo hao tisa waliobaki, usije kuniambia siku yoyote kwamba nimewatia chumvi. Tisa hao ni wagumu kuliko kumi wa jana."

Daktari alipiga meza kwa ngumi, mara moja. Mkuu alikuwa amefumba macho. Bwana Pasi alianza kukusanya karatasi zake, akisema kampuni inashukuru sana kwa uwazi wa mtaalamu, na kwamba bila shaka suala limefungwa.

"Halijafungwa," nikasema. "Siku sitini zinaisha kesho saa kumi na moja jioni. Hadi saa hiyo nitakuwa ufukweni."

"Hutakuwa," alisema Mkuu, polepole, bila kunitazama. "Utakuwa nyumbani. Mtu aliyehesabu mzoga mmoja mara mbili anahitaji mapumziko. Acha rejesta hapa. Acha ufunguo wa gari."

Niliacha rejesta. Niliacha ufunguo. Futi kamba sikuiacha, kwa sababu niliinunua mwenyewe, na nilimwambia hivyo nikiwa mlangoni, kwa sauti ambayo masjala yote ilisikia.

Nilifika nyumbani saa nane mchana, nikavua viatu, nikakaa jikoni nikatazama ukuta. Nilikuwa nimeshindwa na nilijua nimeshindwa. Meli ingeendelea. Kumi wangekuja mwezi ujao, wakahesabiwa upya kuanzia moja. Nilijisikia kulia na nikakataa, kwani sikutaka Bwana Pasi apate na hilo, hata kama hayupo.

Mdogo wangu aliingia na mkewe nyuma yake.

"Ulisema?" akauliza.

"Nilisema. Furahi. Kazi yako ipo, Jumamosi unapanda boti."

Hakufurahi. Alisimama tu, mikono inaning'inia. Ndipo wifi akafungua kinywa.

"Tangu arudi hajalala, wifi. Kila siku anatazama kitu kimoja kwenye simu, anazima, anawasha. Nimechoka kujifanya nimesinzia." Akamgeukia mumewe. "Mwonyeshe, au nimwonyeshe mimi."

Akanipa simu. Ilikuwa video fupi, imechukuliwa kutoka kwenye sitaha ya meli. Bahari shwari, jua kali, na juu ya maji kitu cheusi kimegeuka tumbo juu. Sauti ya mtu inacheka na kusema kitu kuhusu samaki wa kuchoma. Halafu sauti nyingine, nzito, inasema kwa ukali: "Hakuna kuandika. Zima simu hizo." Kisha picha inaruka na kuisha.

"Wiki tatu zilizopita," alisema mdogo wangu. "Nahodha alituambia akisikia mtu ameongea, atashuka na begi lake. Sikuongea. Nilijiambia ni mmoja tu, atatupwa ufukweni, dada atamkuta mwenyewe. Hakutupwa. Nilikuwa naomba atupwe, dada. Halafu jana umeniambia nakushauri ukweli kwa kuwa umenifaa, nikataka ardhi ipasuke."

Sikumkumbatia. Ningependa kusema nilimkumbatia. Nilichofanya ni kuchomoa simu yangu yenye nakala za picha zote, nikaanza kulinganisha. Nilikuwa nimeumwa mara moja na hesabu ya mara mbili, sikuwa tayari kuumwa tena. Kwenye video, mkia wa yule nyangumi ulikuwa na nusu moja tu. Bawa la kulia la mkia lilikuwa halipo, limekatika zamani na kupona. Nilimpitia mmoja mmoja, wote tisa. Mikia yote ilikuwa mizima, ukiacha mikato yangu. Nikarudia. Nikampa wifi aangalie naye, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yanataka mno kuona yalichotaka kuona.

"Huyu si yeyote kati ya hawa," alisema wifi.

"Kuna fomu," nikasema, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine. "Ya nyangumi aliyeonekana akielea. Anahesabika sawasawa na wa ufukweni. Lakini aliyemwona aandike jina lake, kazi yake, chombo alichokuwa juu yake, siku na saa, asaini. Huwa inabaki tupu kwa sababu mabaharia hawasaini. Mimi siwezi kukusainia."

"Najua."

"Siwezi hata kukuomba. Nimekuona miaka mitatu kibarazani na zile redio. Ukisema hapana, nitakupikia na kesho, na sitalitaja tena."

"Dada, acha maneno. Fomu iko wapi?"

"Kituoni."

"Basi kesho unipeleke."

Ijumaa saa tatu asubuhi tuliingia kituoni, mimi niliyepigwa marufuku na yeye aliyevaa shati lake la harusi. Karani wa masjala, mama mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na asiyemwogopa mtu, alitupa fomu bila swali. Mdogo wangu aliandika akiwa amesimama kwenye kaunta. Mwandiko wake ni mbaya tangu shule, akaandika taratibu sana. Kwenye nafasi ya kazi akaandika "fundi umeme". Kwenye nafasi ya chombo akaandika jina la meli, herufi kubwa. Siku, saa, mahali, kwa namba alizozikumbuka kutoka kwenye skrini ya chumba cha umeme. Akasaini.

Mkuu alitoka chumbani kwake. Nadhani alisikia viatu vyangu.

"Hii nini?"

"Wa kumi," nikasema.

Aliichukua fomu, akasoma, akamtazama mdogo wangu kutoka juu hadi chini. "Kijana, unafanya kazi pale. Umesaini mkataba wa kutotoa siri za kazi."

"Nimesaini, Mkuu. Siri za kazi. Nyangumi aliyekufa ni kazi gani?"

"Ukiiacha karatasi hii hapa, naipigia kampuni simu sasa hivi. Unaelewa maana yake? Ichukue, nenda nayo nyumbani, mimi sijaiona." Nitamtendea haki Mkuu: alisema kwa upole, kama baba. Aliamini kabisa kwamba anamsaidia.

Mdogo wangu aliichukua karatasi mkononi mwake. Akaigeuza, akaitazama, akailaza kwenye kaunta mbele ya karani.

"Naomba mhuri, mama."

"Mhuri usipigwe," alisema Mkuu. "Sijaidhinisha."

Karani alivuta droo yake, akatoa kidau cha wino, akakifungua, akakipuliza vumbi. "Mkuu wangu, mhuri wa kuidhinisha ni wa kwako. Huu ni wa kupokea. Karatasi imekuja, mimi nimeipokea." Akapiga. Akaandika saa: tatu na dakika ishirini na mbili. Akatoa nakala mbili, moja akampa mdogo wangu, nyingine akaituma makao makuu palepale, mbele ya macho ya Mkuu.

Simu ilimkuta mdogo wangu tukiwa bado kwenye ngazi za nje. Ilikuwa ujumbe mfupi. Alinionyesha: asipande boti kesho, vitu vyake vitaletwa. Mimi mwenye mdomo, mimi ninayegombana hadi na feni ikipiga kelele, sikugombana. Nikasema tu, "Twende nyumbani. Mkeo nitamwambia mimi, anisikie mimi kwanza."

"Hapana," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Akashuka ngazi mbele yangu, shati la harusi limemlowa mgongoni, hatembei kifua mbele wala hajainama, anatembea tu. Saa tisa alasiri amri ilitoka, na kabla ya jua kuzama mizinga ilizimwa. Uchunguzi unaendelea. Rejesta nimerudishiwa, maana makao makuu waliuliza mpimaji yuko wapi. Redio zimerudi kibarazani, na zamu hii tumeweka na meza.

Watu wa mtaani wananipa pole. Wanasema, masikini mdogo wako, kapoteza kazi nzuri vile. Nawasahihisha kila mara, na sichoki, na atakayerudia nitamsahihisha tena. Mdogo wangu hakupoteza kazi. Aliilaza mwenyewe juu ya kaunta, mbele ya watu, akaomba ipigwe mhuri.